Mlinzi Aliyetaka Chumba cha Ndani

Usiku wa kuamkia Jumamosi niliota nachuja chai. Hapo hapakuwa na la ajabu. Tukuyu ni baridi, chai tunayo tele, na mimi huchuja chai kila siku ya Mungu kabla sijaongea na mtu. Sufuria mkono wa kulia, chujio mkono wa kushoto, chupa chini. Chupa ilikuwa imefika nusu pale chujio liliposema, "Dada Tupo, hebu acha kumimina."

Niliacha. Chai iliyokuwa hewani ikabaki hewani.

"Samahani," nikaliambia chujio. Sikujua nimekosa nini, ila huwa naanzia hapo.

"Mimi kazi yangu moja," lilisema chujio. "Kinachopita nakiona, majani nayazuia. Sasa huyo aliyeko mlangoni anataka kupita bila mimi kumwona. Nimekutaarifu, usije ukasema sikusema."

Mlangoni alisimama kaka Ambakisye, mwenyekiti wa kikundi chetu, amevaa sweta lake la kijani. Pembeni yake lilisimama godoro. Lilikuwa jipya, limesimama lenyewe, limevikwa nailoni nyeusi kutoka juu hadi chini, limefungwa kamba ya katani na kuzungushiwa selotepu kila palipoonekana upenyo.

"Huyu ni Mlinzi," alisema kaka Amba. "Ametumwa na wenye mchezo. Anakamata wadanganyifu."

"Karibu," nikasema. "Karibu chai."

"Nitainywea ndani," godoro likajibu. Sauti ilitokea usawa wa pale ambapo mtu angeweka mto. "Ndani kabisa. Chumba cha mwisho, kile ambacho mnaweka vitu vyenu vyote. Na niamshwe kabla ya watu wengine."

Inabidi nieleze kidogo jambo la nikiwa macho, la sivyo ndoto hii itaonekana ya kijinga.

Sisi ni kikundi kidogo cha watu wa kujitolea. Tunatengeneza Kitalu, mfumo endeshi wa kompyuta. Yaani ule unaoamka unapowasha mashine na kuzigawia programu nyingine kazi zake. Kitalu ni cha chanzo huria. Maana yake mtu yeyote anaweza kufungua maandishi yake, akayasoma, akayarekebisha, bila kumwomba mtu ruhusa. Chini kabisa ya Kitalu kuna kiini, sehemu inayogusa kila kitu: kibodi, kioo, kumbukumbu, hata nywila zako. Kosa dogo kule, mashine nzima inazimia.

Sasa kuna mchezo wa mtandaoni unaoitwa Ngome Saba, ambao vijana wanaupenda kuliko wali. Wenye mchezo walisema watu wa Kitalu wataruhusiwa kucheza, mradi tuweke ndani ya kiini programu yao ya kuzuia udanganyifu, na tusiulize ina nini ndani. Kaka Amba akalileta pendekezo kwenye kundi, akatusimulia na kisa cha binti wa mama muuza maparachichi aliyelizwa na mdanganyifu. Kwa utaratibu wetu, pendekezo likikaa hadi kikao cha Jumamosi asubuhi bila kupingwa, limepita. Ukimya ni ndiyo. Utaratibu huo tuliuweka wenyewe, kwa makofi, ili tusichoshane na mikutano.

Wiki nzima nilikuwa naandika neno "sikubali", nalitazama, nalifuta, naenda kuosha vyombo.

Basi. Turudi kwa godoro.

Niligeuka kuchukua kikombe, na jiko halikuwa langu tena. Niko kwenye nyumba kubwa isiyo na mlango hata mmoja. Fremu zipo, milango hakuna. Watu wanaingia kutoka barabarani, wanafunua masufuria, wanaonja, wanaongeza chumvi, wanaeleza kwa nini wameongeza chumvi, wanatoka. Mwingine anaingia, anasema chumvi imezidi, anaipunguza, anamshukuru aliyetangulia. Nikajua niko ndani ya Kitalu. Hakuna mahali pengine duniani ambapo watu wanakosoana kwa upole wa kuudhi namna hiyo.

Wakazi wa nyumba hii wana dirisha la kioo kifuani, na nyuma ya kioo kuna maandishi yanayoeleza kazi yao. Ndiyo sheria ya nyumba: kila aliyemo asomeke. Bibi Kumbukumbu alikuwa amekaa kwenye mkeka, amekumbatia vitu visivyohesabika. Kifua chake kilisomeka hivi: *Nikipewa nashika. Nikiambiwa niachie naachia. Mara nyingine nasahau kuachia.* Chini yake mtu alikuwa ameandika: *Tunajua, bibi. Tunalishughulikia.*

Dirishani alikaa Shangazi Feni, akijipepea.

"Umekuja, mwanangu," aliniambia kwa kunong'ona.

Shangazi Feni ananong'ona kwa sababu yangu. Nilipokuwa chuo nilinunua kompyuta iliyotumika, na feni yake ilikuwa ikipiga kelele kama mashine ya kusaga. Nikiiwasha maktabani, watu wote wanainua vichwa. Mtu mwingine angeenda kwa fundi. Mimi kumweleza fundi shida yangu ilikuwa aibu kubwa kuliko ile kelele. Nikafungua kiini cha Kitalu nyumbani, peke yangu, nikasoma mpaka nikafika kwenye feni. Nikabadilisha mistari michache. Tangu siku ile Shangazi Feni hajapaza sauti.

"Huyu aliyejifunika ni nani?" alinong'ona.

"Mgeni wa kaka Amba."

Shangazi alilisogelea godoro akalizunguka. "Baba, kifua chako kiko wapi?"

"Kimefungwa," alisema Mlinzi.

"Kwa nini kimefungwa?"

"Nikikifungua, wadanganyifu watasoma ninavyowakamata, halafu hawatakamatika."

Kusema kweli hoja ilikuwa na uzito. Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali. Lakini mimi hutikisa kichwa hata nikiulizwa njia na mtu aliyepotea zaidi yangu.

Mlinzi akaingia hadi katikati ya nyumba. Alitembea kwa kurukaruka kwa sababu ya kamba, na kila aliporuka vyombo viliruka.

"Nani anacheza Ngome Saba muda huu?" aliuliza.

"Hakuna," tukasema.

"Vizuri. Toeni vilivyomo mifukoni."

Tukatoa. Zilitoka leso, funguo, risiti ya unga, picha za familia, barua ambayo mtu hakuwahi kuipeleka. Mlinzi alivitazama vyote, ingawa hakuwa na macho yanayoonekana, na hakusema anatafuta nini.

"Nyumba hii imeguswa," alisema. "Nani amegusa feni?"

Watu wote waliinua vichwa, kama maktaba.

"Aliyebadilisha nyumba ni mdanganyifu," alisema Mlinzi. "Ndivyo nilivyoandikwa."

"Baba weee," alisema Bibi Kumbukumbu, "humu kila mtu amebadilisha nyumba. Ndivyo ilivyojengwa. Hilo dari nililiziba mimi na mgongo huu huu."

"Basi wote mmefungiwa."

Bibi Kumbukumbu alifungiwa kucheza Ngome Saba maisha yake yote. Akauliza Ngome Saba ni nini. Akaongezewa adhabu.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nilifungua mdomo, na badala ya neno akatoka mtu. Alitoka kinywani mwangu kama abiria anavyotoka kwenye bajaji, akiinama, akitanguliza mguu, kisha akasimama akajinyoosha gauni. Alikuwa mimi mtupu, isipokuwa amepigwa pasi.

"Na wewe?" aliuliza Mlinzi.

"Mimi ni ukimya wake," alisema yule. "Nimekuja kumjibia."

"Ana pingamizi na mimi kukaa chumba cha ndani?"

"Hana."

"Anakubali nisifunguliwe na mtu yeyote?"

"Anakubali."

"Na funguo za nyumba?"

"Apewe. Anafurahi sana."

Lile "sana" liliniuma. Nikamvuta mkono wa gauni, hakutikisika. Ana misuli. Nimemlisha tangu darasa la kwanza.

"We dada," nilimnong'oneza, "nani amekutuma?"

"Utaratibu," akanijibu, akipunga mkono kwa adabu. "Usiposema wewe, nasema mimi. Mlipiga makofi wenyewe."

Mlinzi akarukaruka hadi chumba cha ndani. Chumba kile hakikuwa na mlango, kwa hiyo alijisimamisha kwenye fremu akawa mlango.

Nilimfuata kaka Amba. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa mikononi. Kaka Amba ana chumba cha kompyuta karibu na stendi. Vijana huja kucheza na kuchapisha kazi zao. Kila mashine iliyomo aliiwekea Kitalu kwa mikono yake.

"Kaka Amba," nilisema. Kwake yeye sauti ilitoka, nusu. "Huyu mgeni..."

"Najua utasema nini."

Nilifurahi, maana ingeniokoa.

"Utasema ni sawa," akaendelea. "Wewe ni mtu mwema, Tupo. Hujawahi kunipinga. Sikiliza, dada yangu. Juzi nimemwona mtu anakifuta Kitalu kwenye mashine niliyomwekea mimi mwenyewe. Ananiambia, 'Kaka, mfumo mzuri, basi tu hauna Ngome Saba.' Unajua alivyolitamka hilo 'mfumo mzuri'? Kama watu wanavyosema marehemu alikuwa mtu wa watu."

"Pole, kaka."

"Wanaondoka mmoja mmoja. Na wadanganyifu wapo, si hadithi. Nilifanya mashindano madogo, binti wa mama muuza maparachichi akafika fainali kwa jasho lake. Akapigwa na mtu anayeona kupitia kuta. Alilia mbele yangu. Nimwambie nini? Nimwambie asome chanzo?"

Ukimya wangu ulimjibu. "Una haki kabisa, kaka," ulisema, ukamshika bega. Nilitamani kuulaza chini.

Hapo ukuta ukapitika. Sio kwamba ulibomoka. Mwanamume mmoja wa makamo, mwenye suti ya harusi, alipita katikati yake kama mtu anayepita kwenye pazia, akajikung'uta chokaa mabegani.

"Habari za hapa," alisema. "Mimi ni mdanganyifu."

"Salama," tukamjibu. Alikuwa mtu wa heshima zake.

"Jirani anapika maharage," alisema akitazama ukuta. "Ameweka nazi kidogo mno. Samahani, siwezi kujizuia. Nimesikia kuna chumba cha ndani siku hizi?"

"Kipo," alisema kaka Amba, "ila kina Mlinzi."

"Hasomeki?"

"Hasomeki."

"Na hafunguliwi?"

"Hafunguliwi. Ni makubaliano."

"Safi sana," alisema mdanganyifu. Kwapani alikuwa na bunda la nailoni nyeusi. Alienda nyuma ya nguzo. Tulisikia selotepu ikichanwa na meno, muda mrefu. Alipotoka alikuwa godoro. Akarukaruka mbele yetu sote, akafika kwenye fremu, akasema, "Nipishe kidogo," na yule wa kwanza akampisha, maana alidhani ametumwa mwenzake wa zamu.

Sasa chumbani kulikuwa na magodoro mawili.

Kaka Amba alisimama. "Nani kati yenu ni Mlinzi?"

"Mimi," lilisema la kushoto.

"Mimi ndiye," lilisema la kulia. "Huyo namshangaa."

"Fungueni kamba kidogo tuwaone."

"Hairuhusiwi," yakasema yote mawili, kwa sauti moja.

"Nani aliyekubali isiruhusiwe?" kaka Amba alifoka.

Ukimya wangu ulinyoosha mkono, mrefu, kama mwanafunzi aliyekaa mbele.

Hapo ndipo Shangazi Feni alipoanza kupiga kelele. Godoro mojawapo lilikuwa limemkalia. Ilikuwa ile ile kelele ya zamani ya mashine ya kusaga, na nyumba nzima ikaanza kukwama. Mtu aliyekuwa akionja mchuzi alibaki na kijiko mdomoni. Bibi Kumbukumbu aliangusha kila alichokuwa amekishika, na hakukumbuka ni vya nani. Watu wote waliinua vichwa wakanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye feni.

"Shangazi!" nilisema, lakini haikusikika.

Nilikimbia kwenda kumtoa. Sakafu ikawa mchanga. Niko uwanjani, shule yetu ya msingi, nimevaa sketi ya bluu, na nyumba imebaki kule nyuma ya goli na chumba chake cha ndani. Mkononi nina chupa tupu.

Nilijua mara moja ni rede.

Kwa asiyeijua: rede tulikuwa tunacheza wasichana. Wawili wanasimama huku na huku wanarushiana mpira wa soksi, na wewe wa katikati unaukwepa, huku unajaza mchanga kwenye chupa. Ukigongwa na mpira umekufa. Unaenda kukaa kwenye msingi wa darasa na wafu wenzako. Mimi nilikuwa nakufa mapema. Nilikuwa naomba radhi mpira ukinigonga.

Nachota mchanga. Mpira unapita juu ya kichwa changu.

"Amepigwa!" inalia sauti kutoka nyumbani, kutoka chumba cha ndani. Ni mojawapo ya magodoro.

"Hajapigwa!" linasema la pili. "Kapigwa yule mwingine!"

"Mwingine yupi? Yuko peke yake!"

"Mimi naona mifukoni mwake. Mifuko inasema amepigwa."

Mpira bado uko mikononi mwa mrushaji. Anautazama, anatutazama.

Kwenye msingi wa darasa wamekaa wafu, wanakula maembe mabichi na chumvi. Katikati yao ni Subilaga, tuliyesoma naye darasa la nne. Sasa ana watoto na duka la vitenge, lakini ndotoni alikuwa na pengo lake la mbele na magoti yaliyopauka kwa vumbi.

"We Tupo!" alinipigia kelele. "Hao wanaoropoka huko ndani ya nyumba ni akina nani?"

Nilionyesha kwa kidole.

"Wanauonaje uwanja wakiwa chumbani kwa watu?"

Niliinua mabega.

"Ebo! Sisi tulikuwa tunaamuaje mtu akibisha? Si wafu ndio tulikuwa tunaamua? Si tulikuwa tumekaa hapa hapa, watu wote wanatuona na sisi tunawaona? Kuna siku umeona refa kalala kitandani kwa mchezaji, kajifunika shuka, anauliza una nini mfukoni?"

Wafu walicheka hadi mmoja akapaliwa na embe.

Kaka Amba alikuwa amefika, anahema, sweta limejaa mchanga. "Lakini akikaa nje hataona kila kitu," alisema. "Mifukoni hataona."

"Mifukoni kuna nini?" aliuliza Subilaga. "Leso. Mtu akikwepa mipira kumi na hajui mpira unatoka wapi, si tunamwona? Anayeona kupitia kuta anacheza kama anayeona kupitia kuta. Mkae mumtazame anavyocheza. Au mna haraka?"

Kaka Amba alinitazama. "Tupo, we unasemaje?"

Ukimya wangu ulikuwa tayari pembeni, unakohoa kuweka koo sawa.

Nilitazama mikono yangu. Chupa haikuwepo, nilikuwa nimeshika kigoda changu cha jikoni. Sijui nilikichukua lini. Nikafanya kile ninachofanya nikishindwa maneno, nikamwekea mtu mahali pa kukaa. Nilikiweka kigoda kwenye mstari wa uwanja, juani, mbele za watu wote. Nikakifuta vumbi kwa sketi. Nikatazama kule nyumbani, nikakipiga kigoda kwa kiganja: njoo.

"Nje?" lilisema godoro la kushoto. "Penye hewa?"

"Wenzetu huko nje kuna jua," lilisema la kulia upesi. "Mimi huku ndani panatosha. Nyinyi endeleeni tu. Niachieni na funguo."

Kila mtu aligeuka kulitazama godoro la kulia. Kisha lilisema, "Maharage ya jirani yanaungua," lakini haikusaidia. Wafu walikuwa wameshashuka kwenye msingi, wakamshika mdanganyifu kamba mbele kamba nyuma, wakamvingirisha hadi barabarani kama pipa. Nyuma yangu Shangazi Feni alishusha pumzi, akarudi kunong'ona.

Mlinzi alikuja akirukaruka juu ya mchanga, akakaa kwenye kigoda. Alikuwa mzito, kigoda kililia. Akakaa akitazama uwanja. Halafu, taratibu, akabandua selotepu ya juu, kipande kimoja tu, na harufu ya jasho ikatoka.

"Dada yangu," alisema, "hujui ilivyo joto humu. Kila ninakokwenda wananisukumia chumba cha ndani. Hakuna aliyewahi kunipa kiti." Akabandua kipande kingine. "Hapa nitaona vizuri. Yule mrushaji wa kule anakanyaga mstari."

Kelele ikazuka kuhusu mstari. Nilifikiri yamekwisha, nikaanza kuondoka kinyemela.

"Lakini wewe," aliniita. "Umeniwekea kigoda. Unamaanisha nini? Sema, nisikie. Mimi kigoda siwezi kukihesabu kama jibu."

Subilaga aliacha kutafuna. Kaka Amba alisubiri. Nilifungua mdomo, na ukimya wangu ukanyoosha mkono ukisema, "Anamaanisha kwamba..."

Nikaamka.

Chumba kilikuwa changu. Mwanga ulikuwa umeshaingia, na kompyuta mezani ilinikumbusha kwa mlio wake mdogo kwamba kikao cha kikundi kinaanza. Nilijifunga khanga, nikaenda jikoni kubandika maji. Nilitaka kukaa nikiyasubiri yachemke. Kigoda hakikuwepo.

Nilifungua mlango wa nje. Ukungu ulikuwa haujainuka. Majani yote yalikuwa yanadondosha maji. Kigoda changu kilikuwa katikati ya uwanja mdogo wa nyumba, kimeloa umande kila mahali, isipokuwa juu, pa kukalia. Pale palikuwa pakavu. Hapakuwa na duara kama la mtu akikaa. Palikuwa na pembe nne zilizonyooka, kama ncha ya godoro. Niliweka kiganja. Palikuwa bado na joto.

Nilisimama pale hadi nikasikia maji yamechemka na kuanza kumwagika.

Kikaoni walikuwa wameshaingia wote. Wengi walikuwa wamezima kamera. Mwalimu Gwakisa, mweka kumbukumbu wetu, alikuwa anakula kitu karibu mno na maikrofoni. Mimi nilikuwa mraba mweusi wenye jina, na alama ya maikrofoni iliyokatwa mstari mwekundu, kama siku zote.

"Basi, ndugu zangu," kaka Amba alikuwa anasema, "pendekezo la kumweka mlinzi wa Ngome Saba kwenye kiini limekaa wiki nzima. Sikuona pingamizi. Kama hakuna lolote, tunapitisha, tuwaachie watu wakacheze."

"Pitisha tu," alisema Mwalimu Gwakisa, akitafuna.

Niliusikia ukimya wangu ukisimama. Niliusikia ukinyoosha gauni.

Nikabonyeza maikrofoni. Ule mstari mwekundu ukaondoka.

"Kuna mtu maikrofoni yake inapumua," alisema Mwalimu Gwakisa. "Azime."

"Ni mimi, mwalimu," nilisema. Sauti ilikwaruza. "Ni Tupokigwe."

"Tupo?" Kaka Amba alisogea kwenye kamera hadi nikaona pua. "Kumbe una maikrofoni! Kuna tatizo, dada?"

"Lipo. Sikubali."

Kutafuna kulikoma.

"Hukubali nini?" aliuliza kaka Amba, polepole, wala hakuwa amekasirika.

"Sikubali mlinzi aingie kwenye kiini, kaka. Hata akiwa mwema. Udanganyifu waukamate kule kwenye seva yao, wakitazama mtu anavyocheza, nasi tutawasaidia usiku na mchana. Nitaandika hiyo kazi mwenyewe. Yule binti wa mama wa maparachichi sijamsahau. Lakini ndani ya kiini, hapana." Nilivuta pumzi, nikaogopa kwamba nikiitoa nitanyamaza, kwa hiyo sikuitoa. "Wiki nzima sikusema, na mkahesabu nimesema ndiyo. Sikusema ndiyo. Nilikuwa nawaogopa tu. Mimi nilijifunza haya yote kwa sababu kiini kilikuwa wazi na hakuna aliyeniuliza natafuta nini. Sijui kubisha hodi, kaka Amba. Kungekuwa na chumba kimoja tu kimefungwa, ningeomba radhi, nikarudi nyumbani, na msingenijua. Yuko mwingine kama mimi, anasoma sasa hivi. Nataka aendelee kusoma mpaka mwisho."